Australia na Indonesia: utajiri wa makaa ya mawe haupimwi kwa tani peke yake

Mtu akiuliza ni nchi ipi iliyo tajiri zaidi kwa makaa ya mawe kati ya Australia na Indonesia, anaweza kupewa majibu matatu tofauti katika siku moja, na yote matatu yakawa ya kweli. Jibu la kwanza hutazama kilichomo ardhini. Majedwali ya nishati ya kampuni ya BP ya mwisho wa mwaka 2020 yaliipa Australia tani bilioni 150.2 za akiba iliyothibitishwa, na Indonesia tani bilioni 34.9, yaani Australia iliizidi jirani yake zaidi ya mara nne. Jibu la pili hutazama kinachopakiwa melini, na hapo Indonesia ndiyo inayoongoza dunia nzima kwa uzito: mwaka 2023 ilichimba takriban tani milioni 775 na kuuza nje zaidi ya tani milioni 500, kiasi ambacho Australia haijawahi kukifikia. Jibu la tatu hutazama fedha. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Juni 2023, Australia iliuza nje takriban tani milioni 340 na kupata zaidi ya dola bilioni 120 za Australia, ambazo kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha wakati ule zilikuwa zaidi ya dola bilioni 80 za Marekani. Indonesia, kwa mwaka wa kalenda 2022, ilitangaza takriban dola bilioni 47 za Marekani kutokana na tani zipatazo milioni 360.

Hata takwimu hizi za fedha, ambazo zinaonekana kuwa nyoofu kuliko nyingine, haziwezi kuwekwa ubavuni kwa ubavu bila tahadhari. Mwaka wa fedha wa Australia huanza Julai na kuisha Juni, ilhali Indonesia huhesabu kuanzia Januari hadi Desemba, na katika kipindi ambacho bei ilipanda na kushuka kwa mamia ya dola, tofauti ya miezi sita inatosha kuugeuza ulinganisho wote. Isitoshe, ile hesabu ya dola bilioni 47 haijumuishi lignaiti, yaani makaa machanga yenye maji mengi, ambayo forodha huyaandika chini ya namba yake ya pekee. Ndiyo maana tani milioni 360 za takwimu hiyo ni pungufu kuliko zile zinazotajwa na wizara ya nishati ya nchi hiyo. Anayejumlisha namba zote mbili za forodha huongeza mabilioni kadhaa ya dola, na asiyejumlisha huiibia Indonesia sehemu ya haki yake bila kujua.

Ninaloshikilia katika makala haya ni kwamba ulinganisho wa haki hauanzi na tani, wala hauanzi na mapato ya mauzo. Unaanza na ziada, yaani kile kinachobaki baada ya kutoa gharama zote za kuyafikia makaa, kuyachimba, kuyasafisha na kuyafikisha kwa mnunuzi; kisha kila ziada lazima isemwe ni ya lini na ni ya nani. Mambo hayo yakishawekwa wazi, nchi hizi mbili zinaonekana kwa sura ambayo majedwali ya tani hayawezi kuionyesha.

Tani ya makaa gani?

Tani bilioni 150.2 za Australia ni jumla ya vitu viwili visivyofanana. Takriban tani bilioni 73.7 ni makaa magumu, na tani bilioni 76.5 zilizobaki, zaidi ya nusu, ni makaa ya daraja la chini, ambayo kwa sehemu kubwa ni makaa ya kahawia yaliyoko katika bonde la Latrobe, jimbo la Victoria. Makaa hayo ya kahawia ni tabaka nene ajabu, yako karibu na uso wa ardhi, na kuyachimba ni rahisi; lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Ukiyapakia melini unasafirisha maji, na yakikaushwa huwa mepesi kushika moto yenyewe. Kwa hiyo tangu miaka ya 1920 yamekuwa yakichomwa palepale, katika vituo vya umeme vilivyojengwa kando ya mashimo. Thamani yake imefungwa kwa vituo hivyo. Kituo cha Hazelwood kilifungwa Machi 2017, na Loy Yang A imepangiwa kufungwa mwaka 2035. Kituo kikizimwa, makaa yaliyobaki chini yake hayana mnunuzi mwingine, ingawa katika jedwali la akiba yataendelea kuhesabiwa tani kwa tani kana kwamba ni sawa na makaa mengine yoyote. Mwanzoni mwa mwaka 2022 meli ya Suiso Frontier ilibeba kutoka Victoria hadi Japani hidrojeni iliyotengenezwa kwa sehemu kutokana na makaa hayo. Lilikuwa jaribio, wala halijageuka kuwa soko.

Upande wa pili wa Australia ni bonde la Bowen, jimbo la Queensland, na hapa ndipo mlinganisho wa tani unapovunjika kabisa. Makaa ya Bowen, kwa sehemu kubwa, ni ya kutengenezea koki. Yakipashwa moto mkali bila hewa, hulainika, huvimba, kisha hugandamana na kuwa donge gumu lenye vitundu. Donge hilo ndilo linalotiwa katika tanuri la kuyeyushia chuma, ambapo hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: hutoa joto, huondoa oksijeni katika mawe ya chuma, na hubeba uzito wa kila kilichowekwa juu yake huku likiacha gesi ipenye. Makaa ya kawaida hayawezi kazi hiyo ya tatu, kwa sababu husagika. Kwa makadirio ya chama cha wazalishaji wa chuma duniani, tani moja ya chuma kinachopatikana kwa njia ya tanuri hilo huhitaji takriban kilo 770 za makaa. Aina bora za makaa hayo hazipatikani katika nchi nyingi, na Australia ndiyo muuzaji wake mkuu duniani. Machi 2022 bei yake bandarini Queensland ilivuka dola 600 za Marekani kwa tani.

Indonesia ina kiasi kidogo cha makaa ya koki katikati ya Kalimantan, yaani sehemu yake ya kisiwa cha Borneo, lakini utajiri wake halisi ni makaa ya kuzalishia umeme, na mengi kati ya hayo ni machanga kijiolojia: yana unyevu mwingi na joto la wastani au la chini. Sifa yake njema, ambayo aghalabu husahauliwa, ni kwamba mengi yana majivu machache na salfa kidogo, ndiyo maana wenye vituo vya umeme huyachanganya na makaa mengine ili kupunguza uchafu. Bei yake, hata hivyo, hupangwa kwanza na joto.

Hapa pana mtego wa vipimo ambao umewaponza wengi. Bei inayonukuliwa zaidi ya makaa ya Australia, ile ya bandari ya Newcastle, ni ya makaa yenye joto la kilokalori 6,000 kwa kilo. Bei elekezi ya juu ya serikali ya Indonesia ni ya makaa ya kilokalori 6,322. Msomaji wa haraka atadhani yale ya Indonesia ni bora zaidi. Ukweli ni kwamba ni makaa yaleyale kwa vipimo viwili. Kipimo cha kwanza huondoa joto linalopotea katika kugeuza unyevu kuwa mvuke, cha pili hakiondoi. Tani nyingi za Indonesia ziko karibu na kilokalori 4,200 kwa kipimo hicho cha pili, kwa hiyo kila moja ina takriban theluthi mbili tu ya joto la tani ya Newcastle.

Kama bei ingefuata joto peke yake, tani hiyo ya Indonesia ingeuzwa kwa theluthi mbili ya bei ya Newcastle. Haiuzwi hivyo. Mwaka 2024, tani ya Newcastle iliuzwa kwa wastani wa takriban dola 135 za Marekani, na ile ya kilokalori 4,200 kwa chini ya dola 60, yaani chini ya nusu. Sababu ni kwamba nauli ya meli hulipwa kwa uzito, si kwa joto. Mnunuzi wa makaa yenye maji hulipia safari ya maji. Sababu nyingine ni kwamba vituo vya umeme vya Japani, Korea Kusini na Taiwan vilijengwa kwa ajili ya makaa makali, yaani yenye joto jingi, na haviwezi kubadili chakula chao ovyo. Pengo hilo lilitanuka kupita kiasi mwaka 2022, baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku makaa ya Urusi kuanzia Agosti: Ulaya ilihitaji makaa makali, bei ya Newcastle ikavuka dola 400, huku tani ya kilokalori 4,200 ikiwa chini ya dola 100. Nchi mbili zilikuwa zikiuza bidhaa yenye jina moja katika masoko mawili tofauti.

Akiba ni uamuzi, si kitu kilichopimwa mara moja

Wanajiolojia hutofautisha rasilimali na akiba. Rasilimali ni makaa yote yanayoaminika kuwapo kwa wingi na ubora unaoweza kuja kuvutia mchimbaji. Akiba ni ile sehemu ambayo, kwa bei na teknolojia na sheria za leo, inaweza kuchimbwa kwa faida. Kwa hiyo akiba hupanda na kushuka bila jiwe hata moja kusogea. Katika majedwali yaleyale ya BP, Indonesia iliandikiwa tani bilioni 22.6 mwishoni mwa 2017, kisha tani bilioni 37.0 mwaka mmoja baadaye, kisha bilioni 34.9 mwishoni mwa 2020. Hakuna nchi inayopata zaidi ya nusu ya utajiri wake wa ardhini katika miezi kumi na miwili; kilichobadilika ni uchunguzi, taarifa za kampuni na hesabu ya kile kinacholipa.

Umbali nao huamua. Makaa ya bonde la Galilee, ndani ya Queensland, yalijulikana kwa miongo mingi bila kuchimbwa, kwa kuwa hapakuwa na reli. Mgodi wa Carmichael ulianza kusafirisha mwishoni mwa 2021 tu, baada ya kujengwa reli ya karibu kilomita 200 ya kuuunganisha na njia iendayo bandari ya Abbot Point. Huko Indonesia asili imekuwa karimu zaidi: mashimo mengi ya Kalimantan yako karibu na mito mikubwa kama Mahakam na Barito, makaa huteremshwa kwa matishari hadi karibu na mdomo wa mto, na huko meli kubwa hupakiwa zikiwa zimetia nanga, bila kuhitaji bandari ya kina kirefu. Kusini mwa Sumatra kuna makaa mengi pia, lakini mengi yako bara, na yale ya Tanjung Enim hutegemea reli hadi bandari ya Tarahan, Lampung. Tani mbili za Indonesia zenye joto lilelile zinaweza kuwa na thamani tofauti kwa sababu tu moja iko karibu na mto.

Gharama hizi ndizo zinazoifanya ziada iwe kipimo bora kuliko bei. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, kwamba tani ya Australia huuzwa dola 135 na kugharimu dola 80, na tani ya Indonesia huuzwa dola 55 na kugharimu dola 40. Bei ya kwanza ni karibu mara mbili na nusu ya ya pili, lakini ziada yake, dola 55 dhidi ya 15, ni zaidi ya mara tatu na nusu. Bei zote mbili zikishuka kwa theluthi moja, tani ya kwanza inabakiwa na dola 10, na ya pili inaingia hasarani kwa zaidi ya dola tatu. Hii ndiyo sababu utajiri wa makaa hauwezi kusomwa katika mwaka mmoja. Tani ya Newcastle ilikuwa karibu dola 50 katikati ya 2020 na zaidi ya dola 400 miaka miwili baadaye; anayechagua mwaka wa kufanyia hesabu amekwisha kuchagua jibu. Wastani wa miaka kadhaa ni wa lazima.

Jambo moja la kiufundi linastahili kusemwa hapa kwa uwazi, kwa kuwa huvurugwa hata na watu makini. Mrabaha ambao kampuni huilipa serikali ni gharama kwa kampuni, lakini si gharama kwa taifa. Ni sehemu ya ziada iliyobadilisha mikono. Anayekokotoa utajiri wa nchi kwa kutumia vitabu vya hesabu vya kampuni lazima aurudishe mrabaha ndani ya ziada, la sivyo nchi inayotoza zaidi itaonekana maskini zaidi.

Miaka 315 dhidi ya miaka 62

Ukigawanya akiba ya mwaka 2020 kwa uchimbaji wa mwaka huo, Australia ilibakiwa na miaka 315 na Indonesia miaka 62. Tofauti hii hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba Australia ni tajiri mara tano zaidi kwa muda mrefu. Nadhani hakuna kosa katika mjadala wote huu lililo kubwa kuliko hilo, na linafaa kuchambuliwa polepole.

Fedha itakayopatikana baada ya miaka mingi haina thamani sawa na fedha iliyopo leo, kwa kuwa ya leo inaweza kuwekezwa ikazaa. Ndiyo maana wanaokokotoa utajiri wa nchi, ikiwemo Benki ya Dunia katika ripoti zake za mabadiliko ya utajiri wa mataifa, hupunguza kila ziada ya baadaye kwa asilimia fulani kwa kila mwaka wa kusubiri, kisha hujumlisha. Benki hiyo imetumia asilimia 4. Kwa kiwango hicho, tani itakayoacha ziada ya dola 20 baada ya miaka 50 ina thamani ya takriban dola 2.80 leo. Ikichimbwa baada ya miaka 100, ni senti 40. Ikichimbwa baada ya miaka 300, haifiki hata sehemu ya hamsini ya senti moja.

Sasa tuchukue nchi mbili za kufikirika zinazopata ziada ileile, dola bilioni 10 kila mwaka bila kubadilika, moja ikiwa na makaa ya miaka 62 na nyingine ya miaka 315. Utajiri wa kwanza, kwa punguzo la asilimia 4, ni takriban dola bilioni 228. Wa pili ni takriban dola bilioni 250. Miaka iliyozidi mara tano imeongeza thamani kwa chini ya asilimia 10. Ukitumia punguzo la asilimia 8, ambalo linakaribia zaidi fikra za mwekezaji binafsi, tofauti inakuwa dola bilioni 124 dhidi ya 125, yaani karibu hakuna. Karne mbili na nusu za ziada za makaa zinageuka kuwa mabaki ya hesabu.

Na hata hesabu hiyo ni ya ukarimu, kwa sababu imedhani kwamba mnunuzi atakuwapo daima. Japani na Korea Kusini zimeahidi kufikisha sifuri halisi ya hewa ukaa, yaani kutotoa zaidi ya inayoondolewa, ifikapo 2050, China 2060 na India 2070. Ahadi zinaweza kuchelewa au kuvunjwa, lakini mtu anayethamini tani itakayochimbwa katika karne ya 23 anathamini kitu ambacho hakuna dalili kwamba kitatakiwa. Kinachoamua utajiri ni miongo michache ijayo, na katika miongo hiyo swali si nchi ina tani ngapi, bali itauza zipi, kwa ziada gani, kabla soko halijafifia. Kwa mtazamo huo makaa ya koki ya Bowen yana ulinzi kiasi, kwa kuwa kubadili namna ya kuyeyusha chuma kumekuwa kugumu na ghali kuliko kubadili namna ya kuzalisha umeme. Makaa ya joto la chini ya Kalimantan yanakabili ushindani wa jua na upepo moja kwa moja. Na makaa ya kahawia ya Latrobe, yaliyo nusu ya utajiri wa Australia katika majedwali, yanabakiwa na thamani ndogo sana.

Bei ya nyumbani

Si makaa yote yanayouzwa kwa bei ya dunia. Indonesia huwalazimisha wachimbaji wake kutenga angalau asilimia 25 ya uzalishaji kwa soko la ndani, na tangu 2018 makaa yanayokwenda kwenye vituo vya umeme yamewekewa ukomo wa dola 70 za Marekani kwa tani ya daraja la juu, bei ikishuka kulingana na joto. Bei ya dunia ilipopaa, kampuni nyingi zilipendelea kuuza nje, maghala ya vituo vya shirika la umeme la taifa, PLN, yakapungua hatari, na Januari 2022 serikali ikasimamisha usafirishaji wote kwa wiki kadhaa. Australia, ambayo hujitambulisha kama nchi ya soko huria, ilijikuta ikifanya jambo la aina hiyohiyo: Desemba 2022 jimbo la New South Wales liliweka ukomo wa dola 125 za Australia kwa tani ya makaa ya umeme wa ndani.

Je, tani iliyouzwa kwa dola 70 wakati bei ya dunia ni mara nne yake ina thamani gani? Kwa vitabu vya kampuni, ni dola 70. Kwa utajiri wa taifa, jibu ni gumu zaidi, kwa kuwa tofauti haikupotea; imeingia katika ankara ndogo za umeme za mamilioni ya kaya na viwanda. Mimi naona tani hiyo ihesabiwe kwa bei ambayo ingepatikana nje, kwa daraja lake la joto, kisha punguzo liandikwe waziwazi kama ruzuku. Asiyefanya hivyo huonyesha kwamba makaa ya Indonesia hayana thamani, ilhali thamani ipo na imegawiwa wananchi kwa njia ya bei. Ni sahihi pia kuongeza kwamba ruzuku ya namna hiyo huufanya umeme wa makaa uonekane nafuu kuliko ulivyo, na hivyo huchelewesha vyanzo vingine.

Utajiri wa nani?

Ibara ya 33 ya Katiba ya Indonesia ya mwaka 1945 inasema kwamba ardhi, maji na utajiri wa asili uliomo vinashikwa na serikali na kutumiwa kwa ustawi mkubwa kabisa wa wananchi. Nchini Australia madini ni mali ya umma chini ya majimbo, na ni majimbo, si serikali ya shirikisho, yanayotoza mrabaha. Kwa hiyo katika nchi zote mbili kampuni hainunui makaa yaliyo ardhini. Hununua haki ya kuyachimba, na swali la msingi ni ziada inagawanywaje.

Kanuni ya Indonesia ya mwaka 2022 iliweka mrabaha kwa machimbo ya wazi kati ya asilimia 5 na 13.5, ukipanda kadiri joto la makaa na bei elekezi vinavyopanda. Queensland, Julai mwaka huohuo, iliongeza ngazi mpya: asilimia 20 kwa sehemu ya bei iliyo juu ya dola 175 za Australia kwa tani, asilimia 30 kwa iliyo juu ya dola 225, na asilimia 40 kwa iliyo juu ya dola 300. Matokeo yake, jimbo hilo lilikusanya zaidi ya dola bilioni 15 za Australia kutokana na mrabaha wa makaa katika mwaka wa fedha 2022–23. Kampuni zilipinga kwa sauti kubwa, zikidai uwekezaji utakimbia. Kwa maoni yangu ngazi hizo ni za haki, kwa sababu mwaka 2022 haukuletwa na ustadi wa mchimbaji yeyote. Uliletwa na vita vya Ukraine na uhaba wa mafuta ya kila aina, na makaa yaliyopanda bei yalikuwa mali ya umma kabla hayajachimbwa.

Sehemu inayobaki kwa kampuni nayo haibaki yote nchini. Migodi mikubwa ya Bowen na ya bonde la Hunter, jimbo la New South Wales, inamilikiwa kwa kiasi kikubwa na kampuni zenye wanahisa wa nje, na faida yao inapovuka mpaka inakuwa utajiri wa nchi nyingine. Indonesia imejaribu kulizuia hilo kwa sheria inayowataka wawekezaji wa kigeni wauze hatua kwa hatua hadi asilimia 51 ya hisa kwa Waindonesia, na kweli kampuni zake kubwa za makaa leo ziko mikononi mwa Waindonesia. Lakini hisa kumilikiwa na raia wachache matajiri wa Jakarta si sawa na ziada kumfikia mkazi wa Kalimantan Mashariki, na ulinganisho unaoishia kwenye mpaka wa nchi hauwezi kuuona ukweli huo.

Hesabu ya kwa kila mtu huongeza pengo. Australia ina watu wapatao milioni 27, Indonesia takriban milioni 280. Hata kama ziada za nchi hizo mbili zingekuwa sawa kabisa, fungu la Mwaustralia lingekuwa mara kumi ya la Mwindonesia. Baadhi ya waandishi hujaribu kulipunguza pengo hilo kwa kutumia uwezo wa ununuzi, wakisema kwamba dola moja hununua vitu vingi zaidi Indonesia. Hoja hiyo inafaa mtu akiuliza fedha hiyo inaweza kujenga madarasa mangapi huko. Haifai mtu akiuliza makaa yana thamani gani, kwa kuwa makaa huuzwa kwa dola za Marekani katika soko moja la dunia, na kiwango cha kawaida cha kubadilisha fedha ndicho kinachostahili.

Kinachopaswa kukatwa

Mpaka hapa nimezungumzia ziada kama fedha inayoingia. Kila shimo, hata hivyo, lina deni lake, na deni hilo kwa kawaida huandikwa mwishoni kabisa au haliandikwi. Februari 2014 moto uliingia katika shimo la makaa la Hazelwood na kuwaka kwa siku 45, moshi na majivu vikitanda juu ya mji wa Morwell uliopakana nalo. Mgodi ulipofungwa, lilibaki shimo kubwa kiasi kwamba mpango wa kulijaza na kulifanya ziwa ungehitaji maji mengi kuliko yaliyomo katika bandari ya Sydney, katika nchi inayofahamu vizuri ukame ni nini. Huko Kalimantan Mashariki, mashimo mengi yaliyoachwa wazi kuzunguka mji wa Samarinda yamejaa maji ya mvua, na tangu 2011 zaidi ya watu 30, wengi wao watoto, wamezama humo. Sheria inamtaka mchimbaji ayafukie na aweke dhamana ya fedha kabla ya kuanza. Pale dhamana isipotosha, au mchimbaji akiondoka, gharama humwangukia mwenye ardhi, na kwa mzazi aliyempoteza mwanawe hakuna hesabu inayoweza kumrejesha.

Kwa hiyo mtu anayeandaa ulinganisho wa nchi hizi mbili anapaswa kukata gharama ya ukarabati wa kila shimo kutoka kwenye thamani ya sasa ya makaa yake, na kuikata kwa kiwango kilekile cha punguzo alichotumia kwa mapato. Akifanya hivyo kwa Latrobe, ambako makaa yanayobaki hayana mnunuzi mwingine na mashimo yanabaki pale yalipo, anaweza kukuta kwamba ule upande wa akiba ya Australia unaotajwa kwa tani bilioni 76.5 ni namba yenye alama ya kutoa mbele yake.